Manukato na Mwalimu Aliyesimama Katikati ya Njia

Wazazi wake walimpa jina zuri tu, lakini mtu aliyeendesha gari la kunyonya vyoo miaka kumi na tisa hachagui anavyoitwa. Watu walimwita Manukato, naye aliitika. Alikuwa mzito wa maneno, mwepesi wa salamu, na barabarani hakuwa na mshindani. Kila aliyemwona kwenye kioo alimpisha, maharusi wakiwemo.

Jumanne moja mchana alitoka kunyonya choo cha shule, tangi limejaa pomoni, akaingia mtaa mwembamba wa maduka. Upande huu mtaro, upande ule magari yameegeshwa pua kwa mkia. Hapo king'ora kikalia nyuma yake. Akatupia jicho kioo: gari la wagonjwa. Palepale kigari cheupe kilichokuwa mbele yake kikasimama tuli katikati ya njia, kikawasha taa zote kilizonazo.

Akapiga honi. Kigari kimya. Akavuta breki ya mkono, akashuka, akaenda dirishani. Alikuwamo mwalimu mkuu mstaafu, mama anayejulikana mtaa mzima, mikono yote miwili kwenye usukani kama anayepigwa picha.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Songa mbele, Mwalimu."

"King'ora kikilia watu husimama. Nimewafundisha watoto hivyo miaka thelathini."

"Husimama pembeni. Hapa tumeziba."

"Na pembeni penyewe pako wapi?"

Swali lilikuwa la haki. Manukato akanyoosha kidole. "Pale wanapoosha magari. Twende mwendo wa kawaida, usikimbie. Washa indiketa, ingia ndani kabisa. Mimi nakuja nyuma yako."

Mwalimu akalitazama lile tangi. Kigari kikaondoka bila kuambiwa mara ya pili.

Mwenye kuosha magari alipoona kinachoingia uani kwake, alisimama na kitambaa mkononi.

"Limejaa?"

"Limejaa."

Akaanza kupandisha vioo vya magari ya wateja, kimoja kimoja.

Gari la wagonjwa likapita. Mteja mmoja mwenye shati jeupe, gari lake likimeta, akaruka ndani akaliwasha ili afuate kwa nyuma, njia ikiwa bado nyeupe.

"Ngoja kwanza," Manukato akamwambia. "La kwanza likipita, sikiliza la pili."

"Wewe ndiye wa kunipa amri?"

"Mimi hapana. Lakini nimeegesha mlangoni."

Kabla yule bwana hajapiga honi, gari la zimamoto likapita kwa kishindo pale pale alipotaka kutokea, vioo vya maduka vikatetema. Akazima gari, akarudi kwenye benchi, akaagiza lioshwe upya.

Jioni habari zikafika: jiko la mwokaji mikate lilikuwa limelipuka. Mwokaji aliungua mikono, akawahishwa hospitali, na baadaye akapona. Nyusi zilichelewa kidogo kuota.

Wiki iliyofuata Mwalimu alipiga simu akiomba shimo lake linyonywe. "Njoo Alhamisi," akasema, "na uje na muda wa kutosha."

Alhamisi, kabla mpira wa kunyonyea haujashushwa, Manukato alijikuta ameketi kwenye kigari cheupe, magoti yakigusa kidevu, akilia king'ora kwa mdomo. Mara ya kwanza Mwalimu alisimama katikati ya njia ya mbele ya nyumba yake. Mara ya tatu alikimbia. Mara ya tano alisahau indiketa, akajikaripia mwenyewe kwa sauti ya darasani. Mara ya nane alitazama kioo, akawasha indiketa, akasogea pembeni taratibu, akasimama.

Jirani akatoka mbio na ndoo ya maji. "Jamani, kuna nini? Nani anaumwa?"

"Hakuna anayeumwa," Mwalimu akamjibu kupitia dirishani. "Rudi ndani, tuko kwenye somo." Kisha akamgeukia Manukato. "Tena. Na safari hii ulie kwa nguvu, mwanangu, mlio wa mwanzo ulikuwa kama wa paka."

Manukato akasafisha koo, akavuta pumzi.