Boti Iliyolazwa Chini ya Maji

Nyinyi vijana wa Uvira, munaovuka ziwa mukijipiga picha na telefone, na moteri ikikohoa kidogo tu munaanza kusali kwa sauti: kaeni chini munisikilize. Minye sikusoma sana. Kalamu niliishika kidogo kwa masista, kisha nikapewa kasia, na mengi ninayoyajua yalitoka kwenye kasia.

Wakati wetu, mtoto wa mtaa wetu wa Mulongwe aliogelea kabla ya kujua kujifunga kitambaa kiunoni. Tulilalia vigogo vya migomba, tukapanda mawimbi mpaka macho yakawa mekundu kama mawese. Harufu ya ndagala, vile visamaki vidogo vilivyoanikwa mchangani, iliingia hata ndani ya shuka, na hakuna aliyenung'unika. Leo mjukuu wangu anaziba pua akipita pale, halafu mezani anaongeza sahani.

Baba alikuwa na mtumbwi wa gogo moja, kama wavuvi wengine. Endepandansi ilipofika, huo uhuru wetu, Mzungu mwenye magasini, duka kubwa, ambaye baba alimfanyia kazi alifunga milango, akarudi kwao, akamwachia boti yake ya mbao. Boti kubwa kuliko mtumbwi wowote wa pale! Majirani walikuja kuigusa ubavuni kama watu wanaomgusa ng'ombe wa mahari. Walisema kwetu endepandansi imefika kweli, kwa wengine bado iko njiani.

Mtoto wa kwanza wa baba ni minye, na wadogo zangu walikuwa bado wanabebwa mgongoni. Kwa hiyo alinifundisha minye. Wavuvi walicheka: "Binti akishika usukani, samaki watakimbia." Baba akawajibu: "Samaki hawaulizi nani ameshika usukani." Basi.

Kulikuwa na kazi! Mtumbwi unauambia kwa kiuno tu, unageuka. Boti unaiambia sasa, inakusikia baadaye. Baba alisema, "Boti ni kama mzee aliyeketi. Ukitaka ainuke, mwambie mapema." Nilijifunza kuelekeza pua kwenye wimbi, nisiligeuzie ubavu. Nilijifunza kusugua ukoga, na kusukuma pamba yenye mawese ndani ya nyufa kwa kijiti, halafu kupaka lami juu. Viganja vyangu vilinuka lami hata kanisani. Leo ningetoa kitu kikubwa ili vinuke hivyo tena.

Kisha uasi ukaja. Baba alikuwa amevuka kwenda Bujumbura kuuza ndagala, amepanda boti ya mwenzake, na njia ikafungwa nyuma yake. Tukabaki na mama, aliyekuwa na mimba, na baba mdogo Kashindi. Huyu Kashindi alikuwa mtu wa vicheko, aliweza kumchekesha hata maiti. Aliogopa waasi au wanajeshi wasichukue boti. Akaita vijana, wakaivuta mpaka juu kwenye mchanga mkavu, nyuma ya migomba, akaifunika majani vizuri sana. Hivyo ndivyo mtu anavyotunza mtumbwi wa gogo, na gogo halidhuriki. Lakini boti ya mbao ni mbao na mbao. Jua lilizikausha, zikaachana. Siku risasi ziliposikika upande wa milimani tukakimbia kuifunua, tuliona mwanga ukipita kati ya mbao kama kwenye uzio wa matete.

Mama akakaa chini. Kashindi akashika kichwa.

Minye nilikuwa nimemsikia baba akisema: mbao ikikauka, irudishe majini ikanywe, ivimbe. Nikawaambia. Tuliisukuma mpaka kwenye matete, tukaijaza mawe, tukaizamisha kabisa. Watu walituona wendawazimu: vita inakuja, na sisi tunazamisha boti yetu! Kila asubuhi Kashindi alipiga mbizi, akapitisha ukucha kwenye nyufa. "Bado unaingia," alisema, akitema maji. Kesho yake: "Unaingia kidogo." Na risasi zilikuwa zinateremka mlima. Mpaka asubuhi moja akatoka majini akicheka: "Ukucha umekataa!"

Tukatoa mawe, tukachota maji, ikaelea. Alfajiri, ziwa likiwa bado limelala, mama akapakia watoto, gunia la unga wa muhogo, magodoro, na mashini yake ya kushona. Kashindi akatazama maji yalipofika ubavuni, na mbao zilikuwa bado zinatoa machozi.

"Shemeji, boti imeshiba. Acha hata mashini."

"Niache mashini? Ndiyo itawalisha hawa kule ugenini. Weye unataka wanajeshi washone nayo nini, suruali za bunduki?"

Kashindi akacheka sana. Akasema, "Basi mzigo ni minye." Akashuka. "Mutangulie. Nitawafuata na mtumbwi wangu." Akaisukuma boti mpaka maji yakamfika kifuani, akaniambia, "Usigeuke nyuma, mama. Ukigeuka, na boti itageuka." Aliniita mama, kwa sababu nimerithi jina la mama yake.

Sikugeuka, nikapiga kasia. Mama alichota maji kwa sufuria njia nzima, tukapita mbali na viboko wa mto Ruzizi. Baba alitupokea ufukweni kule Bujumbura. Akauliza, "Kashindi?" Tukamjibu, "Yuko nyuma, anakuja."

Baba aliendelea kushuka ufukweni kila jioni mpaka mvua zikaanza. Mashini ilitulisha kweli, siwezi kusema uongo. Lakini mama, aliyekuwa akiimba akishona, hakuimba tena.

Leo kuko maboti makubwa kuliko ile, na moteri zinavuka kabla uji haujapoa. Hakuna anayeziba nyufa kwa kijiti. Hakuna anayepiga mbizi asubuhi kupima mbao kwa ukucha. Ninakaa huku Nyamianda, ninatazama maji, na bado ninasikia kile kicheko mgongoni mwangu. Shingo inataka kugeuka. Nitageukia nani?

Mafuriko yaliyopita, maji yalipoingia mpaka vyumbani na boti zikapita barabarani, wajukuu wangu waliita boti, wakapakia televisheni, viti, na frigo ya kupozea chakula ikasimama katikati kama bibi harusi. Mama Nabintu, jirani yetu asiyeweza kutembea, alikuwa juu ya meza mlangoni kwake. Akatupungia mkono, akasema, "Mutangulie, minye nitafuata."

Nikasimama ndani ya boti. Nikawaambia watu wa nyumba yangu: "Itupeni frigo majini. Mupandisheni Mama Nabintu."