Kuni Mlangoni kwa Mama Mdogo

Mwaka 2014 nilirudi kijijini kwetu, kwenye barabara ya Kasulu kwenda Kabanga, nikakuta wanawake wakipanga kuni mlangoni kwa mama mdogo. Wewe uliyekulia huku huhitaji kuelezwa. Kwetu kuni hutangulia maneno: msiba ukitokea, majirani huzileta kimya kimya, na mwenye nyumba akiziona anajua amefiwa.

Nilipokuwa mtoto, bibi alinibebesha vijiti vyangu vichache nikamfuata, umande ukinilowesha miguu. Lakini hatukuondoka kabla mwalimu wa shule, jirani yetu, hajarudi na uhakika. Mwalimu ndiye aliyekuwa na redio. Jioni, harufu ya maharage ikitoka jikoni, tulisikiliza matangazo ya vifo uani, naye akimtafsiria bibi kwa Kiha. Likitajwa jina la mtu wa kwetu, alizima redio, akapanda baiskeli kwenda hospitalini Kabanga. Akirudi, bibi alimuuliza jambo moja tu: "Umemwona mwenyewe?" Safari moja alirudi akicheka, vumbi mpaka kwenye nyusi. Marehemu alikuwa wa kijiji kingine, majina tu yalifanana. Bibi akarudisha kuni uchagani juu ya meko, akamkaribisha ugali wa muhogo.

Siku ile ya 2014 nami nilikuwa nimeisikia habari ndani ya basi. Redio moja ya mjini ilisema dereva wa bodaboda amegongwa na lori, amekufa. Ikamtaja mtoto wa mama mdogo, na mama yake pia ikamtaja. Halafu ukapigwa muziki.

"Nani amemwona?" niliwauliza wanawake.

"Redio imesema, kaka. Mara mbili."

"Hospitalini ameenda nani?"

"Aende kufanya nini, na redio imeshasema?"

Nilikuwa bado nimeshika begi mama mdogo alipotokea shambani, jembe begani. Huyu ndiye aliyekuwa akinifichia mahindi ya kuchoma kwenye majivu, nisiyagombanie na wakubwa. Alizitazama kuni. Mtoto alikuwa naye mmoja tu. Aliweka jembe chini taratibu, kama mtu asiyetaka kumwamsha aliyelala, akakaa, akaangukia ubavu. Tulimwita, tukammwagia maji. Hakuamka tena.

Jua likielekea kuzama, mwanawe akaja kwa miguu. Pikipiki alikuwa amemwazimisha rafiki yake. Alipoona watu, akatania kwa mbali kama kawaida yake: "Kuni zote hizi, akina mama, leo tunamwoza nani?"



Baadaye nilimpigia simu mtangazaji. Alikuwa kijana mwenye adabu. Alisema kuna msikilizaji aliyeitambua pikipiki, akawatumia ujumbe. "Tungengoja kuhakikisha, mzee, wenzetu wangetutangulia." Kesho yake walisahihisha jina, wakamtaja yule rafiki, kati ya tangazo la sabuni na salamu za wasikilizaji.

Siku hizi redio iko ndani ya kila simu, na hakuna anayepanda baiskeli. Mwalimu hayupo, bibi hayupo, na swali lake sijasikia mtu akiliuliza kwa wakati. Hata mimi niliuliza kuni zikiwa zimeshapangwa.

Kuni zile hazikurudi uchagani. Zilitosha msiba wote, na aliyekuwa akizichochea ni mwana wa mama mdogo.