Kifaa cha Mwamini, Jina la Mtu Mwingine

Iko siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka naiona kama vile mambo yametokea leo asubuhi. Nimesikia umepata kazi kwenye kampuni ya intaneti pale mjini, na kwamba karibuni utakaa nyuma ya kaunta ukiwasajilia watu vifaa vyao. Hongera. Mama yako hajaacha kunisimulia habari za hiyo fulana yenye nembo. Ila kabla hujaivaa, keti unisikilize. Sitakupa maneno matamu. Bado nina hasira, na sioni kwa nini niifiche.

Dada yangu Mwamini unamjua kwa cherehani yake. Sisi tulizaliwa Bukoba, wazazi wetu wakiwa wakimbizi, ndiyo maana watu wa hapa Gisenyi wanakicheka Kiswahili chetu, wanasema tunaongea kama redio. Mwamini yeye haongei kama redio wala kama mtu yeyote. Homa ilimchukulia masikio akiwa bado mgongoni mwa mama. Mikono yake ndiyo ulimi wake, na mimi nilijifunza kusema kwa mikono kabla sijajua kusoma. Maandishi anayajua kidogo tu, kwa sababu shule ilimpokea akiwa mkubwa. Ukimwandikia sentensi ndefu, anaitazama kama wewe unavyotazama maandishi ya Kichina.

Aliolewa na Kasimu, seremala, kiziwi kama yeye. Walikuwa wamepanga chumba hapa hapa Gisenyi, mtaa wa Nengo, katika nyumba yenye wapangaji wengi, na Kasimu alikuwa akivuka mpaka kila asubuhi kwenda kwenye karakana yake Goma, nchi ya pili. Kisha ukaja ule ugonjwa uliofungia dunia nzima ndani, na mpaka ukafungwa. Kasimu alilala upande ule usiku mmoja tu akingoja kazi ya kumalizia, na asubuhi hakuweza kurudi. Nyumba yake aliweza kuiona mlimani kwa macho, mwanangu, lakini kufika hakuweza.

Watu wenye masikio walipigiana simu. Mwamini na Kasimu wangepigianaje? Walihitaji kuonana. Kwa simu ya kawaida haikuwezekana, kwa sababu pale Nengo simu zilikuwa zikikimbilia minara ya Goma, bando linaisha hujamaliza salamu, na picha inaganda. Kwako wewe picha ikiganda, sauti unaisikia bado. Kwao picha ikiganda, mtu amenyamaza katikati ya neno.

Kwa hiyo Mwamini akanunua tableti. Mwenye nyumba alikuwa ameingiza intaneti ya waifai kwa wapangaji wote, na kampuni ndiyo iliyokuwa ikiisimamia. Huwezi kuingia kwa neno la siri peke yake. Lazima kwanza namba ya kifaa chako isajiliwe kwao, kwa jina la mtu, ndipo mtandao ukitambue na kukifungulia. Tukaenda ofisini mimi na yeye. Alivaa gauni lake la kijani, lile la Idi. Alikuwa amebeba kitambulisho mkononi tangu tulipotoka nyumbani, hakukitia hata kwenye mkoba.

Kijana wa kaunta hakumwangalia. Aliniangalia mimi.

"Mama, ule anasikiaka?"

"Hasikii. Lakini anakuona, na kifaa ni chake. Muulize, mimi nitamwambia kwa mikono."

"Bon, iko shida. Tukimaliza kusajili, sisitemu inamupigia simu, inamusomea namba, na yeye anairudilia kwa mudomo. Ye ataitikia namna gani?"

Nikamwambia basi aandike jina langu, nitaitikia mimi. Akasema haiwezekani, mimi sikai kwenye nyumba ile. Akafikiri kidogo, uso ukamng'aa kama mtu aliyepata dawa.

"Donc tuandike jina ya ule mwenye anachungaka nyumba. Ye tayari iko na akaunti. Tunaweka tableti ya mama chini yake. Haina neno."

Mwamini alikuwa akitutazama midomo. Akaniuliza kwa mikono, anasema nini? Nilipomweleza, alitikisa kichwa. Akagonga kitambulisho chake juu ya kaunta, mara moja, taratibu, picha ikiwa imemwelekea yule kijana. Kijana akakisogeza pembeni kwa kidole apate nafasi ya kibodi, akaendelea kuandika.

Kile kidole, mwanangu. Nimesahau sura ya kijana yule, lakini kidole kile nakiona.

Msimamizi wa nyumba aliitwa Evarisiti. Tangu siku ile, tableti ya dada yangu ilikuwa mikononi mwake. Kwenye simu yake aliona vifaa vyote vilivyo chini ya jina lake, na aliweza kukitoa kimoja kwa kugusa tu. Mwanzoni kila kitu kilikwenda vizuri. Mwamini aliegemeza tableti kwenye cherehani, Kasimu akaonekana amekaa juu ya mbao zake, wakawa wanagombana na kucheka mpaka chakula kinaungua. Nilikuwa nikienda pale kutazama tu jinsi wanavyocheka.

Kisha Evarisiti akaleta vitambaa. Sare za watoto wake. Mwamini akashona, hakudai kitu. Akaleta tena, safari hii magauni ya mkewe na ya shemeji zake. Mwamini akamrudishia mfuko mzima, akamwonyesha foleni ya kazi za wateja. Evarisiti aliupokea akitabasamu. Kesho yake tableti ikaandika kwamba kifaa hiki hakijaruhusiwa kutumia mtandao huu.

Nikamfuata. Akanijibu huku akipiga mswaki mlangoni kwake.

"Mama Zuena, si mimi. Iko shida ya rezo. Ngoja tu."

Majirani wote walikuwa kwenye mtandao huo anaouita rezo. Tulingoja, kwa sababu tulidhani tunachongojea ni maongezi tu ya mume na mke.

Asubuhi moja nikapigiwa simu na Bahati, kijana aliyefanya kazi na Kasimu. Alikuwa akihema. Gogo limeteleza kwenye mashine, limemponda Kasimu mguu, wako hospitali.

"Daktari anasema wakate," akaniambia. "Kasimu hataki, anasukuma watu. Haelewe kenye wanasema, na mi sijue mikono yake. Mama, unionekanie kwa video. Daktari aseme, we umuambie."

Ndilo jambo nililoweza kulifanya kuliko mtu yeyote wa miji ile miwili. Daktari angesema, mimi ningegeuza maneno kuwa mikono, Mwamini akiwa kando yangu, na Kasimu angeamua juu ya mguu wake mwenyewe. Tukajaribu kwa simu yangu. Nilimwona Kasimu kipande kipande: paji la uso, kisha giza, kisha mkono mmoja umesimama hewani. Hakuona hata nusu ya nilichosema. Bando likakatika.

Tukakimbia kwa Evarisiti. Amekwenda Rugerero, simu yake haipatikani. Vyumba vya majirani vimefungwa, wametoka na simu zao. Mahoteli ya ufukweni ambako tungeomba waifai yalikuwa yamefungwa kwa ajili ya ugonjwa. Tukapanda pikipiki mpaka ofisi ya kampuni. Nilimweleza yule kijana kila kitu, mguu, hospitali, daktari anayengoja. Alinisikiliza, siwezi kusema hakunisikiliza. Alisema hata "yooo, ihangane mama", yaani pole. Halafu akasema mwenye akaunti peke yake ndiye anayeweza kurudisha kifaa.

"Basi tuunganishe kwa mtandao wenu wa hapa. Muda mfupi tu."

"Ile ni ya wafanyakazi. Siko na ruhusa."

Kile kisanduku cha mtandao kilikuwa ukutani juu ya kichwa chake, taa zake za kijani zinawaka. Mwamini alikisonta. Alisonta kisanduku, akasonta tableti, akaweka viganja pamoja na kumwomba. Hilo halihitaji mkalimani. Mtoto wa miaka miwili angelielewa. Kijana akainamisha macho kwenye kibodi.

Mguu ulikatwa siku ile ile. Bahati alituambia baadaye jinsi ilivyokuwa: mtu alimpa Kasimu kalamu, akamwonyesha pa kutia sahihi, na yeye akatia, akidhani ni karatasi ya dawa ya maumivu. Alipozinduka alinyoosha mkono kujikuna goti.

Sikiliza vizuri. Daktari simlaumu. Huenda mguu ule usingepona, huenda angekufa nao. Ninachosema ni kwamba mtu mzima alikatwa kiungo bila kuambiwa, ilhali wa kumwambia alikuwepo, amesimama mbele ya kaunta, na kati yao palikuwa na jina moja tu lililoandikwa mahali pasipo pake.

Evarisiti aliporudi kesho yake nilimpokea uani. Nilimtukana kwa Kiswahili cha Bukoba na cha Gisenyi, na Kinyarwanda nikamwongezea. Wapangaji walitoka wote kutazama. Alikuwa anarudia tu, "Mi nilijua namna gani? Mi nilijua namna gani?" Mama yetu, ambaye alikuwa bado hai, Mungu amrehemu, alikuja akanishika kiwiko. Alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, asiyependa kelele.

"Umemaliza?" akaniuliza.

"Bado."

"Utamalizia njiani. Mtukane mpaka jioni, jina kwenye ule mtandao litakuwa bado lake. Nani ameuliza kwa nini si la Mwamini? Mwite dada yako. Na wewe ukifika kule ufunge mdomo mpaka yeye aseme kitu."

Tukaenda watatu. Mwamini ndiye aliyetangulia. Safari hii hakusimama kaunta. Alivuta kiti cha wateja, akakiweka mbele kabisa ya yule kijana, akakaa. Akaweka kitambulisho mezani na kukikandamiza kwa kiganja, asikisogeze mtu. Kisha akaanza kusema kwa mikono, na mimi nikatoa sauti, neno kwa neno, bila kupunguza wala kuongeza.

"Jina langu ni Mwamini. Kifaa ni changu. Jana mume wangu alikatwa mguu na hakujua. Leo utaandika jina langu. Sitoki hapa."

"Mama, nilishaeleza, sisitemu inapiga simu..."

Alikuwa ananiangalia mimi tena. Mama yangu akamwita, kwa sauti ile ile ya chini.

"Mwanangu, anayeongea nawe yuko huku. Mwangalie yeye."

Kijana akamwangalia dada yangu usoni, nadhani kwa mara ya kwanza, akawa mwekundu wa macho. Akainuka kwenda chumba cha nyuma, akarudi na mkubwa wake, mwanamke wa makamo mwenye miwani. Yule mwanamke hakuuliza mengi. Aliinama juu ya kompyuta, akafungua ukurasa, akabadilisha kitu kimoja. Simu ya Mwamini ikatetemeka mezani. Ujumbe wa maandishi. Namba tupu, na namba Mwamini anazijua kuliko mimi, anapima nguo kutwa. Akaziandika mwenyewe kwa kidole chake. Tableti ikafunguka.

Muda wote ule ulikuwa mfupi kuliko wa kuchemsha chai.

"Kumbe inawezekana kwa maandishi?" nilimuuliza yule mwanamke.

"Iliwezekana tangu zamani. Ni kuchagua tu."

Nikamgeukia kijana. "Ulijua?"

"Hapana, mama. Sikujuaka."

"Uliuliza mtu?"

Akamwita mteja aliyefuata kwenye foleni.

Tulimpata Kasimu mchana ule, picha safi kama kioo. Nilitegemea atalia, au atamwonyesha Mwamini mguu. Alinyanyua mikono, na neno lake la kwanza lilikuwa: "Ulikuwa wapi?"

Mwamini aliisogeza tableti karibu. Kisha alimweleza yote, toka siku ya gauni la kijani, na Kasimu hakugeuza macho hata mara moja. Alipomaliza, Kasimu aliuliza kama yule kijana wa kaunta ana mke. Sikuelewa kwa nini. Mwamini alielewa papo hapo; mimi nilielewa baadaye, kwamba mwenye mke angejua ni nini kumtafuta mkeo usimwone.

Mpaka ulipofunguliwa, Kasimu alivuka kwa magongo. Sasa anachonga viti akiwa amekaa. Walihama nyumba ya Evarisiti wakapata nyingine Rugerero. Huyo Evarisiti hakuwahi kuomba msamaha. Tukikutana sokoni ananisalimia kwa heshima kubwa, na mimi namwitikia kwa sababu nimelelewa.

Sasa mwanangu, neno langu kwako ni hili. Mtu akija kwenye kaunta yako na kifaa chake, kisajili kwa jina lake. Si la mumewe, si la bosi wake, si la mlinzi wa nyumba kwa kuwa ndiyo rahisi kwako. Anayeshika jina ndiye anayeshika mlango, na huwezi kujua siku gani mlango huo utahitajika haraka. Mtazame mwenye shida, hata kama anayeongea ni mwingine. Na ukijikuta unasema "sisitemu haikubali", simama kwanza, nenda chumba cha nyuma, uliza. Kuuliza hakukuvui fulana yako. Ukiona aibu kuuliza, kumbuka kwamba kuna mtu aliyejipapasa goti akalikosa.

Hasira hii sikuachii uibebe. Ni yangu, nitakwenda nayo. Mungu akubariki katika kazi yako, akufanye mtu ambaye watu wanatoka mbele yake wakiwa wamepata walichokuja kukitafuta, na jina lako litajwe kwa wema katika nyumba usizozijua. Amina. Haya, nenda, usije ukachelewa siku yako ya kwanza.