Kope Zangu na Kidole cha Korosho

Mie kope zangu niliziunguza kwa kuinama. Tulikuwa tunachoma korosho uani kwangu, hapa Ruangwa, juu ya bati kuukuu. Anayejua korosho anajua: yale mafuta ya ganda yakishika, moto unaruka. Wenzangu wakasogea. Mie nikainama nizigeuze zisiungue. Moto ukaniramba uso. Ngozi ilisalimika, namshukuru Mungu, ila kope na nyusi, kwisha! Nikabaki na macho kama ya samaki.

Tukacheka sana. Lakini macho yangu haya mawili ni moja. La kushoto lina ukungu siku nyingi, naona kama niko ndani ya chandarua. La kulia ndilo linanitembeza, linachagua mchele, linaniambia nani anakuja njiani. Na bila kope, tukipura ufuta, vumbi lote humo humo.

Mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, ana saluni Nachingwea. Aliposikia akaja na kichupa kidogo, ndani kina kiburashi chembamba.

"Mke mwenzangu, nimekuletea dawa ya kuotesha kope. Mume wetu asije akakukimbia."

"Akimbie na magoti yapi? Babu yako kwenda chooni tu mpaka apumzike njiani!"

Akanieleza: nawa uso, kausha, pitisha mstari mwembamba kwenye ngozi, pale kope za juu zinapoanzia. Mara moja kwa siku. Mie naitikia eeh, eeh, huku nabangua korosho, mikono myeupe kwa majivu. Huku kwetu tunapaka majivu ili yale mafuta yasitubabue. Kwa hiyo kuitikia niliitikia yote, kusikia nilisikia robo.

Alipotoka kwenda dukani, nikasuuza mikono harakaharaka, nikafungua kichupa. Sasa mie tangu usichana, kitu cha macho ninachokijua ni wanja. Wanja unapita ndani, ukingoni mwa jicho, unafumba, unavuta. Basi na ile dawa nikaipitisha ndani vilevile. Nikaanza na jicho la kulia, maana ndilo nalipenda. Nikaona haijaenea, nikaisukuma kwa kidole. Kidole cha korosho!

Jamani, pilipili ni sukari. Nikafumba, nikafumbua: ukungu. Kushoto ukungu, kulia ukungu. Nikasema leo nimejizimia taa kwa mkono wangu mwenyewe. Nikapiga kelele.

Mjukuu akarudi mbio. "Bibi, usifikiche! Toa mkono!"

Akaninawisha mikono kwa sabuni, akanilaza ubavu kwenye mkeka, akamimina maji safi kwa kikombe, taratibu, yatoke upande wa pua yaende upande wa sikio. Kikiisha, kingine. Ndoo nzima. Na ndoo ile kaichota yeye asubuhi, na bombani kwetu ni mbali. Hakunung'unika. Wala hakucheka, na huyo kwa kucheka, mh!

Tukapanda pikipiki mpaka hospitali. Daktari wa macho akanitia tone, akanimulika. Mie nimeng'ang'ania mkono wa mjukuu kama mtoto anayechanjwa.

"Bibi, limekwaruzika kidogo tu kwa juu. Litapona. Huyu aliyekuosha ndiye kakuokolea jicho."

Mjukuu ndipo akaangua kilio. Mie nikambembeleza, mgonjwa ndiye anabembeleza!

Daktari akasoma kichupa. "Hii siyo ya kuingia ndani. Usiiguse mpaka nikuone tena. Ukipona, kama bado unaitaka, ni juu ya ngozi tu. Ukiona wekundu au muwasho, acha, uje. Na kiburashi usichangie na mtu."

Nilingoja mpaka akaniangalia tena, akaniruhusu. Siku hizi najua. Uso wangu unapata maji kila nikitia udhu, kwa hiyo nikipaka asubuhi, adhuhuri dawa yote imekwenda na maji. Nangoja nikishaswali isha. Mikono naosha kwa sabuni mara mbili, na siku za kubangua sigusi kabisa. Nanawa uso, nakausha kwa khanga safi, nakaa kidogo pakauke. Mstari mmoja. Inayozidi naifuta. Mjukuu akija kulala ananipaka yeye.

"Fumba, mke mwenza."

"Usinipendezeshe sana, utajuta."

Kope zimeota. Kama ni dawa au zilikuwa zinarudi zenyewe, Mungu ndiye anajua. Si nyingi, lakini vumbi linagonga hodi kwanza.

Juzi nimekaa na ungo wangu, nachagua mchele. Nikainua uso, kule mbali nikaona mtu kashuka kwenye pikipiki, anatembea kwa kutupa mkono mmoja, mwendo wa mama yake kabisa. Nikaweka ungo chini, nikainjika chai. Alipofika kupiga hodi, maji yalikuwa yanachemka.