Kigoda cha Yunisi Kando ya Uwanja

Yunisi aliletwa kijijini kwetu kwa lori mwaka 1974, wakati wa operesheni ya kuhamia vijiji vya ujamaa. Alikuwa mjane wa makamo, mkulima wa uwele. Huko alikotoka, upande wa Unyambwa, alisifika kwa utani: akikuigiza, ulijikuta umecheka kabla hujakasirika.

Kijiji kipya, si mbali na Ikungi, hakikuwa na mzaha. Sisi wenyeji tulilalamika kwamba wageni wanatumalizia kisima. Wageni walisema tuna roho mbaya. Tulilima shamba moja la kijiji, lakini kila upande ulikula kivyake.

Mwaka uliofuata yakaanza mashindano ya mpira ya vijiji vya ujamaa, na timu yetu ilichanganya pande zote mbili. Katika mechi ya kwanza, beki Mughwai, mwenyeji, na golikipa Damiani, mgeni, waliukimbilia mpira mmoja. Hakuna aliyemwita mwenzake. Wakagongana vichwa, na mpira ukapita katikati yao taratibu hadi golini.

Mapumziko yalipofika, mashabiki wetu wenyewe kwa wenyewe walikuwa wameanza kushikana mashati. Katibu wa kijiji alishika kile kipaza sauti cha kuitia watu shambani, akawasihi watulie, wapi! Yunisi akamwendea.

"Nipe mimi, mwanangu."

Akaweka vigoda viwili kando ya mstari, yeye akakalia debe. Akawaita Mughwai na Damiani. Wakaja wameinamisha vichwa, kila mmoja na nundu yake.

"Golikipa, karibu barazani. Hebu tuambie, mpira ulipokupita ulikusalimu?"

"Haukunisalimu, mama."

"Hauna adabu! Na wewe beki, ulimsalimu golikipa?"

Mughwai akatikisa kichwa.

"Ndugu zangu," Yunisi akawageukia watu, "huyu Mughwai akimwita ng'ombe wake, hata ng'ombe wa Kilimatinde wanageuka. Kumwita jirani, sauti inakauka! Haya, mwite tumsikie."

"Damiani," Mughwai akanong'ona.

"Hiyo ni sauti ya kuomba chumvi! Mpira unakuja, mwite!"

"Damianiii!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko, na Damiani naye akacheka huku ameshika nundu. Kipindi cha pili waliitana mpaka wakapitiliza. Tulifungwa lile moja tu, na watu walirudi nyumbani wakiigizana.

Tangu hapo kila mechi ya nyumbani ilikuwa na baraza la Yunisi. Wengine walikuja kwa ajili yake, mpira wakauangalia kwa kupitia. Siku moja akamwalika mwenyekiti wa kijiji, Mzee Simeoni, naye akakaa kwa furaha.

"Shikamoo, Mzee Mwenyekiti."

"Marahaba, Yunisi."

"Lori lililotuleta lilisema huku maji ni tele. Mbona lenyewe halijarudi kuyanywa?"

Watu walicheka, wenyeji na wageni pamoja. Mzee Simeoni hakucheka. Aliinuka akaenda zake, na kesho yake akatangaza kwamba kipaza sauti ni cha kazi za kijiji tu.

Yunisi aliumia. Alimwambia mama yangu, Leah, kwamba ulimi wake umemponza, na kwamba kuanzia sasa atakwenda uwanjani kutazama tu. Mechi iliyofuata alikaa nyuma kabisa. Mapumziko yalipofika, Mughwai na Damiani walibeba vigoda wenyewe, wakaviweka pale pale kando ya mstari. Hakuna aliyevikalia. Watu wote walivitazama.

Ndipo Mzee Simeoni alipotoka kwenye kivuli, kipaza sauti mkononi. Akaketi, akamwita Yunisi, akamkabidhi.

"Niulize tena," alisema.

Yunisi akakisogeza kipaza sauti mdomoni. "Maji, mzee. Yako wapi?"

"Yako chini, na mimi peke yangu siwezi kuyafikia. Jumatatu nakwenda bondeni na jembe langu. Mwenye mikono anifuate."

Tulimfuata, wenyeji na wageni, tukachimba kwa zamu kiangazi chote. Mara mbili tulikuta mwamba, tukahamia mahali pengine. Kombe walichukua wengine; sisi hata fainali hatukuiona. Lakini kabla ya mvua, Damiani akiwa shimoni na Mughwai juu ameshika kamba, udongo ulianza kulowa. Yunisi alikuwa wa kwanza kutekewa ndoo ya maji, akanywa yakiwa bado mekundu.