Kura Moja kwa Kila Mlango

Mtongwe, kadi ya harusi isiyoletwa na mdomo ni karatasi tu. Ziko nchi ambako bahasha ikifika imefika, mtu huvaa akaenda. Mtongwe bahasha itakaa juu ya friji mpaka ishike vumbi, na siku ya harusi mwenye nyumba ataketi barazani mwake akilalamika kwamba hakualikwa. Kualikwa ni mtu aje mlangoni, apige hodi, aulizane hali na wenyeji, kisha aseme kwa kinywa chake: fulani awasalimu, awataka siku kadhaa, saa kadhaa. Kazi hiyo, kwa miaka ishirini na sita, imekuwa ya Mwanatabu binti Stambuli.

Ni mjane mwembamba wa miaka hamsini na kitu, mwenye sauti isiyohitaji kupandishwa ili isikike. Ana kanuni zake. Kila nyumba huiendea mara moja tu, kwa kuwa kumrudia mtu ni kumwonyesha kwamba hukuliamini neno lake la kwanza. Siku ya harusi husimama karibu na mlango wa wanawake akatazama nani kaja na nani hakuja. Aliyeahidi asitokee, Mwanatabu atamjua, na mwenyewe atajua kwamba amejulikana.

Kwa hiyo Swabra alipofika sita bora katika *Koo la Dhahabu*, lile shindano la kuimba la televisheni, Mwanatabu hakuona kazi ngumu mbele yake. Swabra ni mtoto wa kakake marehemu. Amemlea tangu ana miaka saba. Sasa ana ishirini na mbili, anashona mapazia kwenye duka moja huko Mikindani na amepanga chumba karibu na kazini, lakini kila harusi ya Mtongwe ndiye anayeitwa kuimba. Katika hatua hii ya shindano majaji wangetoa maoni tu. Wa kuamua ni watazamaji: uandike nambari ya mwimbaji, uitume kwa simu, tangu Jumatatu mpaka nusu saa baada ya nyimbo za Jumapili. Swabra alikuwa nambari nne. Atakayepata kura chache kuliko wenzake angerudi kwao.

Mwanatabu alianza Jumatatu asubuhi, kutoka nyumba za karibu na kivuko cha zamani, akaenda mpaka ulipo ukuta wa kambi ya wanamaji. Kwa Maalim Mansur alimkuta yuko na juzuu mapajani.

"Bi Mwanatabu, mimi nasomesha watoto Kurani, nawe waniletea habari za tarumbeta?"

"Sikuletei tarumbeta, Maalim. Nakuletea Swabra. Ulimsomesha mwenyewe, hapo hapo ulipoketi."

"Nilimsomesha kusoma."

"Na sauti ile aliipata wapi, sokoni?"

Maalim akacheka, akavua miwani. "Haya. Nifanyeje?"

"Andika nne, utume kwa nambari hii. Mara moja."

"Moja tu?"

"Moja, Maalim. Kila mtu na kura yake. Wallahi sitaki mtu wa Mtongwe arudie. Tukishinda, tushinde na nyuso zetu."

Hakuna aliyemwambia kwamba kura ni moja. Wala hakuuliza, maana kwake hapakuwa na la kuuliza: mtu ana kinywa kimoja cha kuitikia mwaliko, na hata kwenye uchaguzi wa serikali huchovya kidole kimoja. Basi akaipeleka kauli hiyo nyumba kwa nyumba, pamoja na kiapo chake, kwa siku nne. Watu waliitikia. Wengine walituma hapo hapo mlangoni. Bi Mwanaima pekee, aliyeongoza waimbaji wa harusini kwa miaka mingi kabla kifua hakijamlemea, ndiye aliyejibu kwa neno moja: "Nimesikia."

Jumapili saa kumi na moja jioni sebule ya Mwanatabu ilijaa wanawake, na viatu vikajaa mlangoni. Swabra aliimba nyimbo mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kuchangamsha, wakapiga vigelegele mpaka mtoto wa jirani akalia. Ya pili ilikuwa ya pole, na jaji mmoja alionekana akijifuta macho. Akaimba pia kijana wa Magogoni, Waleed, nambari mbili, aliyesimama wima kama aliyeitwa ofisini. Baadaye yakatoka matokeo, si kwa idadi ya kura bali kwa asilimia. Waleed alipata thelathini na moja. Swabra alipata tatu, akawa wa mwisho.

"Asilimia tatu ya nini?" Mwanatabu akaiuliza tivii.

Jirani yake Dorothy, karani katika ofisi moja ya mizigo bandarini, akatikisa kichwa. "Na mimi peke yangu nilimpigia arobaini."

"Arobaini nini?"

"Mara arobaini, mama. Laini moja inaruhusiwa mpaka kura mia kwa wiki. Imeandikwa pale chini, inapita haraka haraka. Kwani hukujua?"

"Dorothy! Mimi nilikwambia mara moja!"

"Uliniambia. Halafu nikasoma masharti."

Wanawake wakatazamana. Nadira, ambaye angemwoza bintiye baada ya wiki mbili, akasema polepole, "Mimi nilitaka kurudia. Niliogopa ile wallahi yako."

Kesho yake habari ya Magogoni ikafika. Mjomba wake Waleed ana duka la simu. Wiki nzima alikuwa ameweka meza nje, vijana wameketi, kila mmoja na laini zake, wakibonyeza nambari mbili mpaka vidole vikafa ganzi. Hakuvunja sharti hata moja. Hilo ndilo lililomkera Mwanatabu kuliko yote: alitafuta mwizi wa kumlaani, hakumpata. Akapiga simu ya kipindi. Msichana akampokea kwa adabu za kufundishwa: hesabu za kura hazitolewi kwa umma, mama, masharti yako kwenye tovuti, kuna jingine naweza kukusaidia?

"La kwanza hujanisaidia," Mwanatabu akasema, na simu ikakatika.

Swabra alirudi kutoka Nairobi Jumanne. Hakuvuka kuja Mtongwe. Alishukia Mikindani, akaingia kazini, na jioni ndipo alipopokea simu.

"Sikulaumu wewe, Shangazi. Lakini usinifiche. Tatu! Watu wote wale wanaonipigia makofi harusini, hakuna aliyeinua simu."

"Walipiga, mwanangu."

"Wajuaje? Uliwaona?"

Mwanatabu akaihamishia simu sikio la pili. Hakuwaona. Harusini angesimama mlangoni akawaona. Hapa alikuwa amealika mji mzima kwenye nyumba isiyo na mlango.

"Mwambie Nadira atafute mwimbaji mwingine," Swabra akasema. "Mimi Mtongwe siimbi tena. Siwezi kumwimbia mtu huku najiuliza kama ni yeye."

Usiku huo Mwanatabu alimuuliza Dorothy, na Dorothy akamwonyesha: kila kura iliyopokelewa ilijibiwa kwa ujumbe. *Asante. Kura yako kwa nambari 4 imepokelewa.* Basi ushahidi upo, umelala ndani ya simu za watu. Kulipokucha akavaa buibui na kufanya jambo ambalo hajapata kulifanya maishani mwake. Akarudia nyumba.

Aibu aliionja kwenye mlango wa kwanza. "Wataka kuiona simu yangu?" mwenyewe akauliza, uso umembadilika. "Kwani nilikudanganya lini?" Mwanatabu akaeleza, akaomba radhi, akaeleza tena. Ilibidi aeleze kila mlango. Wengi walikuwa na ule ujumbe, wakamtumia, na simu yake ikawa inalia ndani ya mkoba kila baada ya hatua chache. Wengi, lakini si wote.

Hassan wa dukani alijikuna shingo. "Simu yangu iliingia maji, dada."

"Siku gani?"

"Jumatatu ile ile."

"Jumatano ulinipigia kuniuliza kama Swabra atavaa jekundu."

"Basi iliingia Alhamisi."

Maalim Mansur alimpa simu bila wasiwasi. Mwanatabu akatafuta, asiuone ujumbe wa kura. Alichokiona ni kwamba Maalim alikosea tarakimu moja, akajiunga na huduma ya vichekesho, na tangu hapo kila asubuhi hupokea kimoja.

"Nilidhani ndio shukrani zao," Maalim akasema.

"Maalim! Na wavisoma?"

"Sijui namna ya kuvizuia." Akakohoa. "Cha leo si kibaya."

Bi Mwanaima alikuwa ameketi kitandani akichambua mchicha. Simu ilikuwa kando yake, na hakungoja kuombwa. Mwanatabu akasoma, akasoma tena. *Kura yako kwa nambari 2 imepokelewa.*

"Bi Mwanaima!"

"Abee."

"Umempigia yule wa Magogoni?"

"Mara moja, kama ulivyosema."

"Nilikuja mpaka hapa kwa miguu yangu kukwambia Swabra!"

"Nami n'likwambia nimesikia. Sikukwambia n'tafanya." Bi Mwanaima akaweka jani moja bakulini. "Ule wimbo wa pili aliushika juu mno. Alipofika kati pumzi zikamwisha, sauti ikazama. Yule kijana aliimba. Si walisema tumpigie aliyeimba vyema? Au mimi ndiye sikuelewa?"

"Ni mtoto wako, bibi. Umembeba mgongoni."

"Ndiyo mwanangu. Angekuja n'ngemwambia mwenyewe. Sasa yu wapi?"

Mwanatabu akatoka bila kuaga vizuri, jambo jingine ambalo hajapata kulifanya. Njiani alikuwa akisema peke yake. Mmoja amemdanganya, mmoja anasoma vichekesho, mmoja amemtupa mtoto wa nyumbani kwa ajili ya pumzi. Dorothy ambaye si wa Mtongwe, ambaye kwao ni Bungoma, ndiye aliyefanya kazi ya watu arobaini, naye alifanya kwa kutomsikiliza. Na kule Magogoni vijana wa meza moja wameushinda mji mzima bila hata kumaliza kuzisikiliza nyimbo mbili. Kila alipojaribu kulipanga jambo hilo kichwani, lilimrudisha kwenye kiapo chake mwenyewe.

Alhamisi ya wiki iliyofuata akavuka feri, akapanda gari la Mikindani. Alimkuta Swabra nyuma ya duka, mashine mbele yake, kitambaa cha pazia kimemfunika magoti.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Shika."

Swabra akaichukua simu. Akapitisha kidole, akapitisha tena. Kila ujumbe ulikuwa na jina la aliyeutuma. Uso wake ukaanza kulegea.

"Hawa wote?"

"Wote. Si wewe ulisema hakuna aliyeinua simu?"

"Hata Nadira. Hata..." Kidole kikasimama. "Lakini mbona kila mtu moja? Kule kwa akina Waleed mtu alipiga mpaka mia. Huyu moja, huyu moja, huyu moja. Walichoka, au walikuwa wakitoa sadaka?"

Mwanatabu angeweza kunyamaza. Angeweza kusema watu hawakujua, na lisingekuwa uongo. Alitazama gurudumu la mashine.

"Mimi niliwakataza kurudia."

"Uliwakataza?"

"Niliona ndiyo haki. Mtu na kura yake."

"Ulikwenda nyumba kwa nyumba kuwaambia watu wasinipigie?"

"Niliwaambia wakupigie! Mara moja."

"Si ndiyo hivyo hivyo, Shangazi!" Wateja wawili waliokuwa wakichagua vitambaa wakageuka. Swabra akashusha sauti, ikawa mbaya zaidi. "Nimekaa Nairobi wiki tatu. Nimeimba na homa. Haki gani hiyo ya mtu mmoja, wenzake wote wanacheza mchezo mwingine?"

"Sikujua mchezo wao."

"Hukuuliza."

"Sikuuliza," Mwanatabu akakubali. "Na ningejua, sijui kama mdomo wangu ungeweza kusema mia. Huo ndio ukweli. Nikasirikie."

Swabra alikuwa amekwisha kukasirika. Akakanyaga mashine, ikashona hewa, sindano ikipanda na kushuka bila kitambaa chini yake. Kisha akaiacha, akairudia simu, akatafuta kutoka juu mpaka chini.

"Bi Mwanaima simuoni."

Hapo Mwanatabu aliona ya kutosha yameshasemwa siku hiyo. Lakini msichana alikuwa akimtazama.

"Alimpigia Waleed."

"Bi Mwanaima wetu?"

"Wetu. Ati wimbo wa pili uliushika juu, pumzi zikakwisha katikati. Nimemwambia la kumwambia, usijali. Mtu mzima hana haya, mtoto amembeba mwenyewe..."

"Ni kweli," Swabra akasema.

"Nini kweli?"

"Niliuanza juu. Nilijua kabla sijafika kibwagizo, na hapo huwezi tena kushuka. Halafu jaji akalia, watu wakanisifu, kila mtu mzuri sana, mzuri sana, kisha asilimia tatu. Nimekuwa nikidhani nimepata wazimu." Akamrudishia simu na jumbe zake zote. "Yeye alisikia."

"Watu wote hawa wamekupigia, wewe waniambia huyo?"

"Hao walikupigia wewe, Shangazi." Akavuta kitambaa, akakiweka chini ya sindano. "Kesho baada ya sala ya Ijumaa nitamkuta nyumbani?"

Mwanatabu alikuwa ameuzunguka mji mara mbili, ameona aibu nyingi milangoni kuliko alizoona maisha yake yote. Akaifunga simu mkobani kwa nguvu.

"Utamkuta," akasema kwa hasira. "Huyo aende wapi?"