Kopo la Mchelewaji

Kwaa. Ndivyo komeo la geti la shule lilivyolia kila asubuhi, likiwafungia nje waliochelewa. Mpaka leo, yule fundi cherehani wa mtaani kwetu akisikia chuma kikigonga chuma, vidole vyake vinatafuta kiwavi.

Enzi hizo za shule wenzake walimwita Mwenyekiti, maana aliongoza bustani ya wanafunzi. Bustani ile haikujua dawa ya dukani. Ilijua samadi, majivu na vidole. Mchelewaji hakuchapwa. Alipewa kopo, akaokota viwavi kipindi kizima cha kwanza, kabla jua halijawasukuma ndani ya moyo wa kabichi. Kabichi zikanawiri kwa usingizi wa watu. Wageni wakaja kupiga picha na kusifu kilimo hai.

Kisha akaja mwalimu mkuu mpya, mpenda nidhamu. Adhabu ya kopo aliiacha, ila alitishia kuita na wazazi, na mara shule nzima ikawa inawahi. Akatembea kifua mbele. Viwavi nao hawakuchelewa.

Ijumaa shule ingekula mboga ya bustani kwa mara ya kwanza. Mwenyekiti alikuwa ameahidi, na mpishi alishaapa kwamba hakanyagi sokoni. Kufika Jumatano, majani yalikuwa chandarua.

Mwenyekiti akaomba ruhusa wanakamati wa bustani wakose kipindi cha kwanza.

"Wanafunzi wanaowahi hukaa darasani," alisema mwalimu mkuu. "Bustani yenu ni nzuri sana. Endeleeni."

Akamwendea Bwana Shuka, aliyekuwa bingwa wa kuchelewa.

"Kaka, kesho chelewa kidogo. Kwa ajili ya kabichi."

"Wewe si ndiye uliyenisema mbele ya darasa zima?"

"Nilikosea."

"Mimi nimeshaokoka, dada. Usinirudishe dhambini."

Mwenyekiti mwenyewe hakuwahi kuchelewa tangu darasa la kwanza. Kifuani alivaa beji ya kuwahi, na mama yake aliifuta kila Jumapili kwa bidii kuliko alivyofuta vyombo vya wageni.

Alhamisi alifika wa kwanza kabisa. Akajibanza nyuma ya ukuta, akawasikiliza wenzake wakiingia, mmoja mmoja, mpaka komeo likalia. Ndipo akabisha.

Mwalimu wa zamu alichungulia. "Wewe? Kwenu kuna msiba?"

"Hapana, mwalimu."

"Unaumwa?"

Akatikisa kichwa. Akaifungua beji, akaitia mfukoni, akanyoosha mkono.

"Nimechelewa," alisema, kwa sauti ambayo hata geti halikuisikia vizuri. "Naomba kopo kubwa."